Mgeni, Shemeji, Mkwe na Mwizi

Jirani yetu ni dereva wa lori la mchanga. Mtaani tunamwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. Jumamosi moja asubuhi aliegemea ukuta unaotenganisha ua wake na wetu, kikombe cha chai mkononi, akaitazama bustani yetu, halafu akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "kinyozi hajinyoi, hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Lakini kinyozi kumwacha mama yake na ndevu, hilo ndilo naliona leo."

"Sema unachotaka kusema, jirani."

"Nasema wewe ndiye uliyefunga mabomba ya mtaa huu mzima. Hata choo changu kinavuta maji kama kimeajiriwa, na ni kazi ya mkono wako. Sasa yule pale anayebeba maji kwa kopo ni mama wa nani?"

Niligeuka. Mama alikuwa katikati ya njia, kati ya mlango wa jikoni na matuta. Mkono wa kushoto umeshika kopo. Mkono wa kulia umekunjika kifuani kama bawa la kuku mgonjwa. Mguu wa kulia unaburuzwa, unachora mstari vumbini. Kila hatua maji yaliruka ukingoni yakamlowesha gauni. Alipofika kwenye tuta la nyanya aliinama kidogo kidogo, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe, akamimina kwenye shina moja. Shina moja tu. Kisha akageuka kurudi.

Damu ilinipanda. Mimi sina kifua cha kuhifadhi dhihaka. Nimezaliwa hivyo, na sijaona bado wa kumwomba radhi.

"Kesho," nikamwambia Breki. "Njoo kesho jioni uone kama mama yangu atabeba hata tone."

"Nitakuja na kiti," akasema, akamalizia chai yake.

Kiharusi kilikuwa kimempiga Mama miezi minne nyuma, asubuhi, akiwa anachambua mchele. Hospitali walimrudisha nyumbani na fimbo, na vidonge, na binti mmoja wa mazoezi ya viungo aliyekuja kwetu kila Alhamisi. Binti huyo hakuzungusha maneno. Siku ya kwanza alituketisha sebuleni, mimi na dada yangu, akasema:

"Mguu wa mama haujafa, umesahau tu. Miezi hii ndiyo ya kuukumbusha. Asipotembea sasa atakaa, akikaa atazoea, akizoea mtakuwa mnambeba kutoka kitandani hadi chooni. Tumeelewana?"

Tulielewana. Mama ndiye aliyekataa kuelewana. Alitakiwa atembee kwenye korido, kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi, mara kumi. Alikwenda mara moja, akaugusa ukuta, akauliza:

"Nimefika. Huku kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni mazoezi."

"Binti yangu, mtu mzima hatembei bila shughuli." Akaketi, na siku hiyo hakuinuka tena.

Wakati huo huo mvua ilikuwa imetususia. Mawingu yalikuja, yakasalimia, yakapita. Maji ya bomba yalitoka kwa mgao, Jumanne na Ijumaa, tukawa tunajaza mapipa mawili na kuyafunga vifuniko kama sanduku la mahari. Kumwagilia bustani kwa maji safi ilikuwa dhambi isiyohitaji kuhubiriwa. Matuta matatu ya Mama, la mchicha, la nyanya na la bilinganya, yaliinamisha vichwa, naye akiyaona kupitia dirisha la jikoni, amekaa.

Siku moja dada yangu alikuwa ameosha mchele, anataka kumwaga yale maji meupe kwenye sinki. Mama akasema, "Wee! Yalete hapa." Akachukua kopo, akaegemeza bega ukutani, akatoka. Hatua ishirini na moja hadi kwenye tuta la kwanza. Alitumia muda ambao mtu mwingine angetumia kwenda sokoni na kurudi, lakini alifika. Hayo nilisimuliwa. Mimi nilikuwa kazini tangu alfajiri, ndani ya mtaro wa mtu, na niliporudi jioni niliona kopo. Hatua sikuziona.

Kuanzia hapo hakuna maji yaliyotoka katika nyumba yetu bila idhini ya Mama. Na aliyapa majina. Maji ya kuoshea mchele na mboga aliyaita Mgeni: huyo anakaribishwa mezani, apewe nyanya na mchicha. Maji ya kusuuzia nguo aliyaita Shemeji: anaingia ndani, lakini usimzoeshe, leo ndiyo, kesho hapana. Maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito ya sabuni, hayo ni Mkwe: anaheshimiwa kwa mbali, apelekwe kule nyuma kwenye mgomba. Na maji ya taulo za saluni, Mwizi.

Dada yangu ni msusi. Kila Jumatatu saluni yake ikifungwa huleta nyumbani lundo la taulo, huziloweka kwenye dawa ya madoa mpaka ziwe nyeupe kama meno ya mtoto. Maji yale hunuka hadi barabarani.

"Mwizi haonyeshwi mlango," Mama alisema. "Mtaroni, moja kwa moja."

Sheria nyingine ilikuwa moja: maji yaliyotumika hayalali. Yakitoka leo yamwagwe leo, yakilala yananuka na kukaribisha mbu. Kwa hiyo asubuhi alikwenda, mchana alikwenda, jioni alikwenda. Mimi nilicheka, nikadhani ni michezo ya mtu mzima aliyechoka kukaa.

Jumapili niliamka kabla ya jogoo wa Breki. Niliweka chini mabomba ya plastiki, viungio vya elbo sita na vya tii viwili, gundi, msumeno. Nilichimba mfereji kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye matuta. Nikalikata bomba la sinki la jikoni, nikalikata la bafuni, nikalikata la karo la kufulia, nikayaunganisha yote matatu yawe njia moja. Kule kwenye matuta nililaza mabomba marefu, nikapasha msumari moto, nikayatoboa tundu kila palipo na shina. Kazi safi. Sitajidharau kwa sababu ya yaliyofuata: ungeweka gololi jikoni, ingetokea kwenye bilinganya bila kusukumwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, kopo mapajani.

"Mwanangu, na Mwizi je?"

"Mwizi gani, Mama?"

"Maji ya taulo. Umempitisha mlango mmoja na Mgeni?"

"Mama, maji ni maji. Yakishaingia ardhini, ardhi inayachuja."

Alilitazama kopo lake, akalitazama bomba langu. "Haya, fundi," akasema. Aliniita fundi, hakuniita mwanangu. Nikadhani amenisifu.

Jioni Breki alikuja kweli na kiti. Dada akafungua maji ya vyombo jikoni, na kule bustanini kila tundu likatoa machozi yake. Breki akapiga makofi.

"Ndevu zimenyolewa!" akasema. "Mama, sasa wewe ni kukaa tu na kula maisha."

"Nitakula," Mama akajibu. Akaingia ndani, akalitundika kopo kwenye msumari nyuma ya mlango.

Wiki ya kwanza nilitembea mtaani kama jogoo aliyenunuliwa kwa ajili ya uzuri wake. Udongo ulikuwa na unyevu asubuhi na jioni, na hakuna aliyebeba kitu. Wiki ya pili, majani ya nyanya yakaanza kuwa na ukingo wa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa. Nikalaumu jua. Mchicha ukawa wa njano. Nikamlaumu muuza mbegu. Bilinganya zikadondosha maua, na safu ya nyanya iliyo karibu na tundu la kwanza ikalala chini yote. Nikalaumu moshi wa lori la Breki, tukarushiana maneno juu ya ukuta mpaka mke wake akamwita ndani.

"Mdogo wangu," dada aliniambia jioni ile, "umeangalia kandambili za Mama?"

"Zina nini?"

"Ni safi. Wiki mbili sijaona hata vumbi chini yake."

"Si ndiyo nilitaka? Apumzike."

Dada akanitazama tu, kama anavyomtazama mteja anayedai kusukwa nywele ambazo hana.

Alhamisi nilikuwa nyumbani, kazi ya siku hiyo imeahirishwa. Binti wa mazoezi, aliyekuwa likizo Alhamisi mbili, alifika, akatua mkoba, akamwambia Mama asimame. Mama akashika ukingo wa kiti, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu nikamshika kwapani nikamnyanyua. Mguu wa kulia ukagoma kabisa, umekaa sakafuni kama mzigo wa mtu mwingine.

Binti alichuchumaa, akaubonyeza, akaukunja, akaukunjua. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Nilipoondoka mama alikuwa anafika mlangoni peke yake. Nilimwandika kwenye karatasi zangu kwamba fimbo tutaiacha. Kuna nini? Ameanguka? Ameacha vidonge?"

"Vidonge anakunywa," nikasema.

"Basi ameacha kitu kingine. Alikuwa anafanya mazoezi gani? Maana ya kwangu ya korido najua hafanyi."

Kule nyuma lilisikika bomba langu likitiririsha maji ya vyombo, zururu, zururu, lenye furaha kama mjinga.

Mama akajibu kwa sauti ndogo, bila kunitazama: "Bomba limeleta maji, limechukua safari."

Nilisikia maneno hayo kifuani kabla hayajafika kichwani. Nikatazama nyuma ya mlango: kopo kwenye msumari, buibui ameshapanga chumba ndani yake. Nikaona sasa zile hatua ishirini na moja. Asubuhi, mchana na jioni, kwenda na kurudi, kopo moja kwa shina moja. Hakuwa anamimina kidogo kidogo kwa kukosa nguvu. Alikuwa anajipa sababu ya kurudi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuja na msumeno na uso kama wa askari. Na mtaa mzima ulikuwa unakusifu. Nikasema, kijana wangu amependa, acha apende."

"Ungenikataza!"

"Nilikuuliza habari za Mwizi. Ukasema maji ni maji."

Nilitoka nje na msumeno. Sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikikosa wa kumpiga hupiga chuma. Nilikuwa nimeshaweka meno ya msumeno kwenye bomba kuu nikasikia sauti kutoka dirishani, sauti ya Mama ile ya zamani, ya kabla ya kiharusi:

"Wee mtoto! Weka chini hicho kitu! Ukilikata hilo, maji ya sabuni ya dada yako yatakwenda wapi, mfukoni mwako?"

Nikasimama.

"Unafanya kosa moja, unataka kulifuta kwa la pili. Njoo hapa. Na wewe binti, usiende, mpe pole, ana hasira lakini anafundishika."

Binti akaziba mdomo, lakini mabega yake yalicheka.

Mama alipanga kazi akiwa kitini, kidole cha kushoto kikielekeza kupitia dirisha. Mkwe ana haki ya bomba: ni mzito, ni mwingi, na mgomba uko mbali. Basi maji ya kwanza ya kufulia, na ya bafuni, yaende huko kwa bomba. Mwizi awekewe koki yake, ageuziwe mtaroni, na dada aifunge na kuifungua mwenyewe kila Jumatatu kwa sababu taulo ni zake. Sinki la jikoni nilitenganishe kabisa, nirudishe ndoo chini yake kama zamani.

"Na Mgeni na Shemeji?" nikauliza.

"Hao wanakuja kwangu," Mama akasema. "Nitawasindikiza mwenyewe."

"Kwa mguu huo?" Dada alikuwa ameingia kutoka saluni, bado ana kitana kichwani. "Mama, wiki mbili umekaa. Ukianguka katikati ya njia, nani atakuokota?"

Mama akautazama mguu wake. Ndipo nilipokumbuka mabomba ya chuma.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na rundo la mabomba ya zamani, niliyoyang'oa kwenye nyumba moja kuukuu: mazito, yameota kutu, hayafai tena kupitisha maji ya mtu. Nilimsimamisha Mama mlangoni, dada kamshika upande mmoja, binti upande mwingine, nikapima kutoka chini hadi kwenye kifundo cha mkono wake. Mkono wa kulia.

"Wa kushoto ndio wenye nguvu," dada akasema.

"Wa kushoto una kopo," nikajibu.

Binti wa mazoezi akanitazama upya, kama mtu aliyeuziwa embe bovu akakuta ndani ni zima. "Endelea, fundi," akasema. "Na ule wa kulia tutaufundisha kushika."

Siku mbili nilichimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikamwaga zege, nikasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikawa laini kama mgongo wa kijiko. Bomba moja refu, kutoka mlango wa jikoni hadi mwisho wa matuta. Breki alikuwa ukutani, bila shaka.

"Fundi, hilo bomba mbona halina koki?"

"Halihitaji."

"Linapitisha nini sasa?"

"Linapitisha mama."

Akaondoka ukutani. Baadaye alikuja na ndoo mbili za mchanga safi wa zege, akaziweka mlangoni, akaondoka bila utani. Nikamfuata hadi getini kwake nikamwambia ule moshi wa lori nimeusingizia. "Nilijua," akasema. "Lori lenyewe lina wiki mbili kwa fundi."

Jumanne maji ya mgao yalipotoka, dada aliniamuru nimwage ndoo nane za maji safi kwenye matuta, kuuosha udongo uliokuwa umelewa dawa yake ya taulo. Kila ndoo iliniuma. Safu ya kwanza ya nyanya haikurudi, tukaing'oa. Mama akasema tusipande kitu hapo kwa muda, tuliache tuta lipumue. Mchicha ulichipua tena kutoka chini, majani mapya madogo ya kijani kweli kweli. Bilinganya zilinuna siku kadhaa, kisha moja ikatoa ua.

Na Mama alitembea. Siku ya kwanza hatua nne, akarudi, amelowa jasho kuliko bustani. Vidole vya kulia havikushika bomba, vilikaa juu yake tu kama nguo iliyoanikwa. Siku ya tano vilijikunja. Siku ya nane alifika kwenye tuta la kwanza na kopo la Mgeni likiwa na nusu yake, akamimina kwenye shina la nyanya iliyobaki, na mimi niliyechelewa kazini makusudi nilisimama jikoni nikijidai natafuta koleo. Akirudi, alipachika kopo tupu kwenye kiwiko cha kulia na kushika bomba kwa mkono wa kushoto. Hilo hatukumfundisha.

Alhamisi ya tatu binti alibisha hodi, akakuta sebule tupu. Nikamwonyesha njia ya uani. Mama alikuwa ameshapita mchicha, ameshapita nyanya, yuko kwenye bilinganya za mwisho na kopo la maji ya kusuuzia. Binti akaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu..."

"Usinihesabie, binti yangu, unanipotezea mahesabu ya Shemeji," Mama akasema bila kugeuka. "Leo zamu yake si huku."

Akasogea mpaka mkono ukagonga nguzo ya mwisho. Akapapasa mbele ya nguzo, hakuna kitu. Akanigeukia, uso umekunjamana kwa hasira ile ile ambayo watu husema nimeirithi.

"Fundi, bomba lako limeishia hapa?"

"Chuma kiliisha, Mama."

"Na ule mpapai kule pembeni utanyweshwa na nani? Na mvua hii isiyokuja?"

Mpapai ulikuwa hatua tatu mbele ya nguzo, bado mdogo, umefika kiunoni, majani yake matatu yamelegea. Niliinua mguu kwenda kulichukua kopo. Binti akanishika shati.

Mama aliutazama mpapai. Akautazama mkono wake wa kulia, bado umeshika nguzo. Akaufungua, kidole kimoja kimoja.

Hatua ya kwanza mguu ulivuta vumbi. Ya pili maji yaliruka, yakamlowesha kandambili. Breki alikuwa amepanda juu ya kitu upande wake wa ukuta, na nasema kwa heshima yake kwamba hakufungua mdomo. Ya tatu Mama alisimama bila kushika chochote duniani isipokuwa kopo, akainama kidogo kidogo, akamimina lote.

"Haya," akasema, akihema. "Shemeji amefika." Kisha akanyoosha kopo tupu kuelekea kwetu sote tuliosimama kama nguzo. "Mnatazama nini? Nani ana nguo za kusuuza?"